Kura Moja Barazani: Hazel McCallion na Jiji la Mississauga

Katika mafunzo ya madiwani swali halikosekani: meya ana mamlaka gani hasa? Nikilijibu kwa vifungu vya sheria tu, watu husinzia. Basi huwa nawapeleka Mississauga, jiji la Kanada lililokua pembezoni mwa Toronto, kwa mama aliyekalia kiti cha umeya miaka 36.

Hazel McCallion alizaliwa mwaka 1921 huko Port-Daniel, Quebec. Chuo kikuu hakufika. Alisomea uhazili, akaajiriwa katika kampuni ya uhandisi, na ujanani alicheza hoki ya barafu Montreal kwa dola 5 kwa mechi. Alipoolewa alihamia mji mdogo wa Streetsville, na mwaka 1970 akawa meya wake. Serikali ya Ontario, jimbo lenye miji hiyo, ilipotaka Streetsville imezwe na Mississauga, alipinga kwa nguvu zote, akashindwa. Muungano ukafanyika mwaka 1974. Mwaka 1978 wakazi wakamchagua kuwa meya wa jiji lile lile alilolikataa.

Hajamaliza hata mwaka, usiku wa Novemba 10, 1979, treni ya mizigo iliacha reli. Mabehewa ya gesi yakalipuka, na moja lilikuwa na klorini, gesi ya sumu, iliyokuwa ikivuja. Zaidi ya watu 200,000 walihamishwa. Hakufa hata mmoja. Meya aliteguka kifundo cha mguu, akaendelea kuzunguka akichechemea.

Hapo ndipo jina lake lilipovuma, lakini nguvu yake, kwa maoni yangu, ilikuwa kwenye bajeti. Kisheria alikuwa na kura moja barazani, sawa na diwani yeyote. Tofauti na Tanzania, ambako madiwani humchagua meya miongoni mwao, yeye alipigiwa kura na wakazi wenyewe, na diwani aliyetaka kumpinga alilijua hilo. Kwa miaka mingi jiji halikuwa na deni: wajenzi wa nyumba na maduka walitozwa ada ya kulipia barabara, mabomba na maktaba ambazo wakazi wapya wangezihitaji. Mpango mzuri, ila unategemea viwanja. Jiji lilipojaa, likiwa na watu zaidi ya 700,000, ada zikapungua huku barabara za zamani zikidai matengenezo, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 halmashauri ikaanza kukopa. Nyumba zilizotapakaa mbalimbali pia ziliacha wakazi wakitegemea gari kwa kila safari.

Na hakuwa malaika. Mwaka 1982 jaji aliona amevunja sheria ya mgongano wa maslahi katika suala la ardhi, ingawa bila nia mbaya, hivyo akabaki madarakani. Mwaka 2011 ripoti ya uchunguzi ilisema alikuwa na mgongano wa maslahi alipousukuma mradi wa hoteli wa kampuni ambamo mwanawe alikuwa na hisa. Kesi ya kutaka aondolewe ilitupwa mwaka 2013.

Alistaafu mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 93, akafariki Januari 2023, wiki chache kabla ya kutimiza 102. Katikati ya mwaka huo huo, Ontario ilimpa meya wa Mississauga uwezo wa kuzuia kwa kura ya turufu baadhi ya maamuzi ya baraza, uwezo ambao McCallion hakuwahi kuwa nao hata siku moja.