Karatasi ya shefu wa kijiji si ruhusa ya kujenga

Tangu mvula zianze, huduma yetu ya mipango miji hapa Lubumbashi inapokea malalamiko mengi kutoka komini Annexe, na karibu yote yanafanana. Mtu amenunua parseli, yaani kiwanja, barabara ya Kasenga au ya Kipushi, amepandisha ukuta mpaka usawa wa dirisha, kisha anatokea mwingine mwenye karatasi ya eneo hilohilo. Au maji ya kijito yameingia chumbani, naye anauliza serikali itamsaidia nini. Tunawahurumia wote. Ila wengi tungewasaidia kabla hawajatoa hata franka moja, kama wangepita kwetu kwanza.

Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, ardhi yote ni mali ya Serikali na haiuzwi. Unachopata ni haki ya kuitumia. Karatasi ya shefu inaonyesha tu kwamba wenyeji wanakufahamu. Tumelieleza hili redioni na kwenye mikutano ya kartie (mitaa), na bado watu wanatuambia, "Lakini shefu alipiga muhuri!" Muhuri huo haugeuzi shamba kuwa parseli.

Njia yenyewe ni hii. Unaanza na mkataba wa kukodi, ambao hauzidi miaka 3. Ndani ya muda huo unaiendeleza ardhi, na maafisa wanakuja kuhakikisha. Ndipo unapewa mkataba wa konsesyo, yaani wa kupewa haki ya kuitumia ardhi, kisha hati ya usajili, ile watu wanaiita sertifika. Hati hiyo peke yake ndiyo inayothibitisha haki yako, na ikishatimiza miaka 2 haishambuliwi tena. Ruhusa ya kujenga ni jambo lingine: unaleta barua ya maombi, nakala ya hati, mchoro wa mahali na ramani ya nyumba, tunakuja kupaona, unalipa benki kwa noti ya malipo, si mkononi mwa mtu. Anayekalia ardhi bila sheria wala mkataba anaweza kufungwa miezi 2 hadi 6, pamoja na faini. Nyumba iliyojengwa bila ruhusa inaweza kusimamishwa, hata kubomolewa kwa gharama ya mwenyewe.

Kosa si la wananchi peke yao. Sheria hiyo ya 1973, kifungu cha 389, iliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wanavijiji kwenye ardhi wanayoilima. Amri hiyo haikutoka. Familia zilizolima pembeni ya mji vizazi kwa vizazi zimebaki bila hati, na mnunuzi akija na pesa ni vigumu kwao kukataa. Siasa ya taifa ya ardhi iliyopitishwa 2022 ilikusudia kuziba pengo hilo. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya mageuzi yenye haraka kuliko hii, kwa sababu shamba likishakatwa parseli halirudi.

Nayo mashamba hayo yana kazi. Mboga za lengalenga na sombe tunazonunua sokoni zinatoka kwenye mabonde ya Kafubu, Naviundu na vijito vyao. Bonde likijengwa, maji ya mvula hayana pa kutulia, yanashuka kwa jirani. Msitu wa miombo ukikatwa kwa makala (makaa) na kuchoma matofali, udongo nao unakwenda. Kwenye parseli ndogo kisima kinachimbwa karibu na choo, na familia inakunywa kutoka hapo. Ndiyo maana tunataka mabonde na vyanzo vya maji viandikwe kwenye mpango wa mji kama sehemu zisizojengwa, na wanaoyalima wapewe hati ya kuyalima.

Kabla ya kulipa, chukua namba ya parseli uende nayo kadastri, ofisi ya vipimo na ramani za parseli, na kwa msimamizi wa hati za ardhi. Usiiangalie Agosti, wakati kijito kimekauka na nyasi zimelala. Nenda Februari.