Kushusha pikapu ya zamani: kimo cha kudumu au springi za upepo?

Ukisikia mtu wa Mwanza anasema pikapu fulani "imeshushwa", muulize imeshushwa kwa njia gani, maana ziko mbili na hazifanani. Kuna iliyoshushwa ikabaki hapo hapo siku zote, iwe tupu au na mzigo. Na kuna inayolala chini ikiwa imeegeshwa, halafu dereva akibonyeza swichi inajaa upepo, inanyanyuka na kuondoka. Ya kwanza ina kimo cha kudumu, ya pili ina springi za upepo. Kwa wengi swali ni ipi inapendeza zaidi. Mimi naangalia kimo kinaamuliwa wapi: cha kwanza kiliamuliwa mara moja gereji, cha pili unakiamua wewe mwenyewe ukiliona tuta mbele yako.

Chukua Datsun 620, pikapu ya miaka ya 1970. Mbele inabebwa na toshenba, fito ndefu za chuma zinazojinyonga gurudumu linapopanda. Fundi akilegeza bolti zake za kurekebishia, pua inashuka. Nyuma kuna springi bapa, yaani mabapa marefu ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, zinazopita chini ya ekseli, fito inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Hapo kinawekwa kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, mafundi wanakiita bloku, na kufungwa kwa U-bolti, bolti zilizopindwa kama herufi U, ndefu zaidi. Bloku ya inchi 2 inashusha gari inchi 2, na springi inabaki na nguvu yake ya kubeba. Kinachopungua ni nafasi ya ekseli kupanda kabla haijagonga chasisi, ndiyo maana wanaoshusha sana hulazimika kukata chasisi juu ya ekseli na kuijengea upinde wa bamba nene. Angalia jambo moja kabla hujanunua bloku: kama springi za gari lako zimepita juu ya ekseli, bloku hiyo hiyo italinyanyua.

Iko pia njia ya mkato, nayo ni kuchoma springi kwa moto wa gesi mpaka ilegee. Pikapu yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imeshafanyiwa hivyo, bila mimi kujua. Springi ya kushoto ilikatika kwenye senta bolti, bolti ya katikati inayoshikanisha mabapa yake, nikiwa natoka Usagara na magunia ya mpunga, gari likalala upande. Nilipoishika ile springi pale ilipokatika, chuma kilikuwa na rangi ya buluu kama mafuta juu ya maji. Moto ulikuwa umeondoa ugumu wake. Gharama ya kununua bloku na U-bolti ni ndogo mno kuliko ya siku ile.

Kingine wengi hawakiangalii ni breki. Pikapu nyingi zina vali yenye mkono ulioungwa na ekseli ya nyuma. Mzigo ukiwekwa, bodi inashuka, mkono unasukumwa, na vali inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Sasa wewe ukishusha gari tupu, vali inadhani umebeba. Siku ya mvua pale Mabatini unakanyaga breki, magurudumu ya nyuma yanajifunga na mkia unaondoka. Mkono ule lazima urekebishwe. Shokapu nazo zibadilishwe ziwekwe fupi, na gari lipelekwe kupimwa kama magurudumu yamenyooka.

Springi za upepo ni kazi nyingine kabisa. Puto la mpira mgumu, ndugu wa yale yaliyo chini ya mabasi ya safari ndefu, linachukua nafasi ya springi. Kompresa ya volti 12 inajaza tangi, vali zinagawa upepo. Hesabu yake ni rahisi: puto lenye uso wa sentimita za mraba 200, likijazwa upepo wa kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba, linabeba kilo 800. Ukipakia samaki unaongeza upepo, gari linakaa sawa.

Lakini springi bapa ina kazi mbili. Inabeba uzito, na pia inaishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Puto linajua kubeba tu. Ukizitoa springi lazima uchomelee mikono ya chuma ya kuishika ekseli, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu mteja amemaliza pesa zake kwenye kompresa. Chasisi yenye kutu haistahili kazi hii hata kidogo.

Halafu kuna matunzo. Hewa ya ziwani ina unyevu, na kompresa ikiibana, maji yanabaki kwenye tangi. Fungua koki ya chini kila wiki yatoke. Ukikuta gari limeinamia upande mmoja asubuhi, chukua maji ya sabuni na brashi, pakaza kwenye kila kiungo cha bomba. Panapovuja patatoa povu dogo linalokua polepole.

Wazo la gari linalopanda na kushuka lina historia. Mwaka 1958 sheria ya California ilikataza kipande chochote cha gari kuwa chini ya ukingo wa chini wa rimu, na vijana wa huko wakatafuta namna ya kulinyanyua gari wakiwa barabarani. Kipimo kile bado ni kizuri kwetu: tairi zote zikiisha upepo, au puto likipasuka, kusiwe na chuma kinachogusa lami.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, chukua futi, nenda mahali pabaya kuliko pote unapopita kila wiki, upime. Kwangu ni mlango wa kivuko cha Kamanga, pale bamba la chuma linapokutana na nchi kavu na ekzosi inaparuza. Inchi 2 za kudumu zinapita. Inchi 4 hazipiti, na anayezitaka aweke upepo. Kwa pikapu ya kazi mimi nachagua zile 2. Upepo ningemshauri mwenye chasisi safi na pesa ya kuimaliza kazi yote kwa mkupuo mmoja.

Na ukienda kuichukua pikapu uliyowekewa springi za upepo, mwambie fundi aujaze upepo, autoe wote, kisha akate usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Kila hatua, pitisha vidole viwili kati ya puto na chasisi. Visipopita, puto lihamishwe kabla gari halijatoka gereji.