Aprili twapima ndege, hesabu baadaye

Msimu wa kutega ndege, kuwavisha pete yenye namba mguuni na kuwaachilia ukianza, swali ninaloulizwa ni lile lile: "Leo mmeshika wangapi?" Huuliza mwenye shamba, huuliza askari wa getini, huuliza na kijana wa bodaboda anayetuona tumebeba mianzi ya nyavu kabla jua halijachomoza. Mimi hujibu kwa adabu, kisha huongeza kwamba idadi ndiyo habari ndogo kuliko zote tulizopata asubuhi hiyo. Watu hudhani najitetea kwa sababu tumeambulia wachache. Basi leo nieleze kwa kituo.

Wakati Ulaya na Urusi theluji inayeyuka na miti inachipua, huku Mombasa kaskazi imelegea, bahari imeingia maleleji na mawingu ya masika yanajikusanya. Ndege wadogo waliofika kwetu tangu Oktoba na Novemba huanza kurudi kaskazini kuzaa, na msafara mkubwa hupita kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Aprili. Mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya unaweza kuwaona kwa macho, maana husafiri mchana. Waimbaji wa vichakani husafiri usiku. Alfajiri hushuka popote penye majani, wakanyamaza, wakala, na usipowatega hutajua kwamba walipita.

Ninayempenda kuliko wote kati ya waimbaji hawa ni Phylloscopus trochilus, ambaye Waingereza humwita willow warbler. Mgongo kijani, kifua njano iliyofifia, uzito wa gramu 9 hivi. Ukimshika mkononi hutaamini kwamba baadhi ya hawa wanaokuja mashariki na kusini mwa Afrika huzaliwa Siberia ya mashariki, mwendo wa zaidi ya kilomita 10,000 kwa safari ya kwenda peke yake. Kule kaskazini hukaa miezi michache tu ya kulea. Kwa hiyo mimi simwiti mgeni. Yuko pia Acrocephalus griseldis, mwimbaji wa kwenye matete, ambaye ni nadra na yumo hatarini kutoweka duniani: huzaliana hasa kwenye vinamasi vya Iraq, kisha huja kukaa upande wetu wa pwani ya Afrika Mashariki. Siku akiingia wavuni, hata chai husahauliwa.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kukuambia kuhusu majira haya. Wakati hao wanaondoka, wengine wanaingia. Aprili na Mei, pita wa Afrika, yule ndege wa chini mwenye tumbo jekundu na rangi karibu zote za upinde wa mvua, hufika misitu ya pwani akitoka kusini. Hufika pia Geokichla guttata mwenye madoa kifuani, naye hukaa msitu wa Arabuko-Sokoke na kwenye magofu ya Gede hadi Oktoba hivi. Nao husafiri usiku. Ukiokota asubuhi ndege wa rangi za ajabu chini ya taa za jengo huko Nyali, usimpeleke kwa mganga. Huyo ni msafiri aliyepumbazwa na mwanga.

Sasa kazi yenyewe. Tunategea kwenye kichaka kilichosalia nyuma ya minazi, upande wa Mtwapa, kwa idhini ya mama mwenye shamba. Siku ya kwanza alituuliza, "Wanangu, hawa mwawashika mwawala?" Tukamwambia, "La, Bi, twawapima twawaachilia." Akatuangalia kwa huruma, na tangu hapo hutuletea mahamri.

Wavu ni wa nailoni nyeusi, urefu mita 6, 9 au 12, kimo mita 2 na nusu hivi. Kamba nne au tano hupita ndani yake kwa mlalo, na wavu huachwa ulegee ili ufanye mifuko chini ya kila kamba. Ndege haoni kitu, hugonga, huangukia mfukoni na kulala humo. Tunafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mara nyingi saa tatu na nusu au saa nne tushafunga, maana joto la Mombasa halina mzaha. Kila nusu saa tunazunguka. Jua likianza kuuma, kila robo saa. Mvua ikinyesha tunafunga papo hapo, kwa sababu ndege aliyelowa wavuni hupoteza joto upesi. Kamba ya chini huwa naikagua kwa macho mawili: siafu wakiupata wavu kabla yako, hutapenda utakachokikuta. Kunguru nao ni hivyo hivyo. Hawa weusi wa kijivu shingoni asili yao ni Bara Hindi, wameenea mji mzima, na mbali na kumaliza makinda ya ndege wengine, wanajua vizuri kwamba kilicho wavuni hakiwezi kukimbia.

Kumtoa ndege wavuni ndiko kunakotenganisha mwanafunzi na fundi. Kanuni ni moja: atoke kwa mlango alioingilia. Unatazama kwanza aliingia upande gani, unaupanua mfuko, unamshika mapaja, unazifungua kucha, kisha tumbo, bawa moja, la pili, kichwa mwisho. Ukianza kuvuta kabla ya kutazama, umemfunga. Kuzumburu ndiye mtihani: hukamata nyuzi kwa vidole vyote, hudondosha manyoya, hukunyea mkono, na ukimfungua mguu wa kulia, wa kushoto ushashika tena. Mnana yeye huuma, na mdomo wake ulioumbwa kuchana makuti unakifanyia kidole chako vivyo hivyo. Nimeona kitu kimoja nao vijana wetu: wale waliokulia kutega kwa ulimbo ndio wenye mikono mizuri kuliko wote. Wanajua ndege anavyojinyonganyonga. Tukipata kijana wa namna hiyo akaacha ulimbo, tumepata fundi na kichaka kimepungukiwa na adui.

Mezani, ndege hushikwa mgongo ukiwa kiganjani na shingo kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kubana kifua, kwani ndege akibanwa kifua hawezi kupumua. Pete ni ya aluminiamu, ina namba yake isiyorudiwa, na inaelekeza kwenye Makumbusho huko Nairobi. Ya ndege mdogo haifiki sehemu moja ya kumi ya gramu. Hufungwa kwa koleo maalumu na lazima izunguke mguuni kwa uhuru. Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1899, mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alivisha kwezi pete za aluminiamu zenye namba na anwani. Mei 1911 mwanasheria John Masefield akamvisha pete mbayuwayu kule Staffordshire, Uingereza. Mbayuwayu huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Kabla ya hapo watu walikisia tu mbayuwayu wa Uingereza huenda wapi.

Baada ya pete tunapima bawa kwa rula yenye kizuizi upande mmoja, tunatazama manyoya kama ni mapya au yamechakaa, kisha ndege anatiwa kichwa mbele kwenye kipande cha bomba la plastiki juu ya mizani. Ndani ya giza hutulia. Unasoma gramu hadi nukta moja. Ndipo linakuja lile ninalotaka wasomaji walielewe: mafuta.

Unampuliza kifuani taratibu, manyoya yanagawanyika. Ngozi ya ndege ni nyembamba kiasi kwamba unaona ndani. Misuli ya kifua ni myekundu iliyoiva. Mafuta ni ya manjano. Chini ya koo, pale mifupa miwili inapokutana kufanya herufi V, kuna kibonde. Asiye na akiba, kibonde kitupu. Anayejiandaa, kibonde hujaa hadi kufurika, na manjano huteremka tumboni. Tunampa alama kuanzia 0 hadi 8. Phylloscopus mkavu ana gramu 8 na kitu; aliyeiva kwa safari hufika 11 au 12. Sylvia borin, mwimbaji mwingine wa Ulaya, wa gramu 18 siku za kawaida, anaweza kupita 25. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga, na mbele ya ndege huyu kuna nchi kavu ya Somalia na Ethiopia, bahari na jangwa la Uarabuni. Asiye na akiba hafiki.

Hapo ndipo idadi inapokosa maana. Nikishika ndege wengi leo na wachache kesho, huenda upepo uligeuka, huenda mvua ya usiku iliwashusha, huenda jirani amefyeka. Lakini tuseme ndege mwenye namba fulani alikuwa na gramu 8.6 tarehe 2 Aprili, na tarehe 9 akarudi wavuni akiwa na 11.3. Hilo halitegemei upepo. Limeniambia kwamba kichaka hiki kina chakula, na kwamba ndege aliamua kukaa wiki nzima kwa sababu kinamfaa. Na kama arudi akiwa amepungua, limeniambia kinyume chake. Ni kama mizani ya malori ya Mariakani tu, ila hapa aliyezidisha uzito ndiye tunayempigia makofi.

Wanakula nini? Wadudu, hasa mvua za kwanza zinapoamsha kumbikumbi, na matunda madogo madogo. Mswaki, mti huu huu tunaosugulia meno, una vitunda ambavyo nchi za Sahel, kusini mwa Sahara, vimeonekana kuwanenepesha baadhi ya waimbaji wahamao kabla ya kuvuka jangwa. Sasa tazama tunavyojenga kuanzia Nyali hadi Shanzu. Kiwanja kikinunuliwa, jambo la kwanza ni kufyeka kila kitu, kisha inapandwa nyasi ya kununua na michikichi ya mapambo isiyo na kitunda wala mdudu. Sisemi watu wasijenge. Nasema ukanda wa kichaka pembeni mwa ukuta haumgharimu mtu kitu. Na ardhi hufufuka: machimbo ya saruji ya Bamburi yalikuwa mawe matupu hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, na leo mahali hapo ni hifadhi ya Haller Park.

Wapenda idadi huniambia, "Mbona Ngulia?" Kweli, kule Tsavo Magharibi kazi ya pete ilianza mwaka 1969 na imeshavisha mamia ya maelfu ya ndege. Lakini Ngulia ni Novemba na Desemba, ndege wakija kusini. Ukungu wa mlimani na taa za hoteli huwashusha usiku, na makundi ya watu wa kujitolea hukesha. Nawaheshimu sana. Ndege wa pale wamepatikana tena mbali, kuanzia Uarabuni hadi Urusi. Hilo ni jibu la swali "wanatoka wapi, wanakwenda wapi". Swali langu mimi ni "kichaka hiki kinawafaa?", nalo hujibiwa na nyavu zile zile, mahali pale pale, saa zile zile, mwaka baada ya mwaka. Ukiongeza nyavu ili upate idadi ya kujisifia, umeharibu kipimo.

Wakaazi pia tunawavisha: shorewanda, mnana, chozi. Chozi hupewa tone la maji ya sukari kabla ya kuruka, kwa kuwa tumbo lake halina akiba ya muda mrefu. Hawa, wakirudi wavuni miaka inayofuata, ndio wanaotueleza ndege wa kitropiki anaishi muda gani, na ndio wanaotushushua tulipodhani tunawajua.

Je, ndege huumia? Hutokea, na anayekwambia haitokei usimfuate. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya kumbukumbu za vituo vya Marekani na Kanada, ulikuta waliokufa na walioumia kwa jumla hawafiki 1 katika 100. Idadi hiyo hubaki chini kwa sababu hakuna anayejifunza kwenye mtandao kisha akatega. Lazima kibali, lazima mkufunzi, na anayejifunza hukaa muda mrefu kwenye daftari kabla ya kukabidhiwa ndege. Kwetu wamo walimu, wanafunzi, waongoza watalii, na mwuza samaki mmoja ambaye macho yake kwenye manyoya yananishinda. Ramadhani ikiangukia Machi ndipo mahudhurio huwa mazuri zaidi: watu wameshakula daku, wameswali, hawana sababu ya kurudi kitandani.

Anayetaka kuja, aanze na darubini na matembezi ya kuangalia ndege, kisha aombe kushika kalamu. Koleo litafuata. Na ukikuta ndege aliyekufa mwenye pete, popote kuanzia Likoni hadi Watamu, andika herufi na namba zote, tarehe na mahali, upeleke habari kwa kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa, Nairobi, hata kama pete ni ya nchi nyingine. Kama yu hai, soma namba, piga picha, mwachie aende na pete yake.