Aliyekubali ni mmoja, wanaokudai ni watano

Jamani, mdai kukwambia "lipa kidogo kidogo, hamna shida" si kinga. Juzi tena mfanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, aliniwekea mezani karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), akiamini hakuna wa kumgusa. Karatasi yenyewe ilikuwa nzuri: kiasi cha deni, laki tatu kila mwisho wa mwezi, sahihi, mashahidi. Lakini mdai aliyetia sahihi ni mmoja. SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, hawamo, aliyempa vitenge kwa mkopo hayumo, mwenye duka anayedai kodi hayumo. Yeyote kati yao anaweza kwenda mahakamani kesho, na karatasi ile haitamzuia hata kidogo.

Mpango rasmi, ule wa Sheria ya Ufilisi ya Uganda ya mwaka 2011, uliwekwa kwa ajili ya hali hiyo. Unaomba mahakamani amri ya muda ya ulinzi inayowazuia wadai, ambayo ni ya siku 14 na inaweza kuongezwa. Msimamizi, yaani mtaalamu anayeuendesha mpango huo, anaandaa pendekezo la malipo, anaita wadai, wanapiga kura. Likipita, linamfunga hata aliyelipinga. Na tafadhali, huku si kufilisika. Ni njia ya kukuepusha nako.

Sasa lile linalonichosha: watu wanadhani mpango huo unafunga kila mlango. Benki iliyoshika hati ya ardhi yako haifungwi bila ridhaa yake. Yenyewe inafuata Sheria ya Rehani ya 2009: taarifa ya kushindwa kulipa, siku 45 za kazi, kisha taarifa ya kuuza, siku 21 nyingine za kazi. Ukiwa na deni moja kubwa tu, na nyumba ndiyo dhamana, usipoteze pesa kwa mshauri wa madeni kama mimi. Nenda benki mapema, muombe mkopo upangwe upya, na mkiafikiana upate barua.

Halafu kuna shemeji, ambaye naye anadai. Mtu akishaamua kuingia kwenye mpango rasmi, usiku anamtumia shemeji pesa zote kwa simu ili ndoa ipumue, kisha jina la shemeji halionekani kwenye orodha ya wadai. Wadai wengine wakijua, kura imeharibika, na mambo yakifika kwenye kufilisika kweli, malipo ya upendeleo kama hayo yanaweza kutenguliwa. Andika wote. Mama wa SACCO, jirani, shemeji, wote.

Na kukiri deni kwa maandishi mbele ya LC1 kunaanzisha upya ile miaka 6 ya ukomo wa madai, yaani muda ambao mdai anaweza kukushtaki. Lijue kabla hujatia sahihi.

Je, kila mtu aje kwenye mpango rasmi? Hapana. Msimamizi analipwa, na siku 14 ni chache mno kwa mtu ambaye hesabu zake ziko kichwani na kwenye daftari moja lililoloa mvua. Kwa mwenye duka dogo, nina mashaka makubwa kama gharama zinalingana na nafuu anayoipata. Wadai wakiwa wawili na bado wanakuamini, kaeni chini, andikeni, wote wawili watie sahihi.

Ila ukishaletewa hati ya madai ya kisheria, yaani karatasi rasmi ya mdai inayokutaka ulipe, zile siku 20 za kazi za kulipa zimeshaanza kuhesabiwa. Zikipita, sheria inakuchukulia kuwa huwezi kulipa. Nileteeni hati hiyo siku ileile mliyoipokea.