Kuhuisha alama ya biashara si nafasi ya kubadilisha nembo

Swali limerudi tena, na safari hii kutoka kwa mtu mwenye idara nzima ya masoko: "Muda wa kuhuisha alama yetu umekaribia. Tunaweza kuweka nembo mpya hapo hapo, sivyo?" Hapana, hamwezi. Naandika haya ili atakayefuata nimtumie kiungo tu, nami niendelee na kazi.

Kuhuisha ni kuongeza muda wa kile kilichomo kwenye daftari la msajili, kama kilivyo. Neno lile lile, mchoro ule ule, rangi zile kama ulizidai (yaani uliandikisha kuwa ni sehemu ya alama), orodha ile ya bidhaa. Chini ya Mfumo wa Madrid, yaani usajili wa kimataifa wa alama, unalipa ada, usajili unasogea miaka 10 mbele, na alama yenyewe haiguswi. Unataka nembo mpya? Fungua maombi mapya, yenye tarehe mpya, uchunguzi mpya na dirisha jipya la pingamizi.

Ndiyo, zipo sheria zinazoruhusu kurekebisha alama iliyokwisha kusajiliwa, lakini hilo ni ombi jingine kabisa, na mlango wake ni mwembamba. Marekani hukubali rekebisho ikiwa halibadilishi alama kwa kiasi cha msingi. Uingereza na Umoja wa Ulaya wamebana zaidi: kwa kawaida kinachobadilishwa ni jina au anwani ya mmiliki iliyomo ndani ya alama yenyewe, basi. Nembo yenye ndege uliyemgeuza atazame kulia haipiti hapo.

Sasa nifike panaponikera. Mtu akishaambiwa hivyo hujibu, "Sawa, nitahuisha ile ya zamani, nami nitaendelea kutumia mpya." Analipa, anapata uthibitisho, analala usingizi mnono. Alichonunua ni muda wa alama ambayo pengine haitumii tena, na alama isiyotumika inaweza kufutwa kwa ombi la mshindani. Umoja wa Ulaya husubiri miaka 5 mfululizo ya kutotumika. China na Japani miaka 3. Ada ya kuhuisha haikatizi hesabu hiyo hata kwa siku moja. Risiti si ushahidi wa matumizi.

Kinachomwokoa, akiokoka, ni Kifungu cha 5C(2) cha Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda mali ya viwanda: kutumia alama kwa umbo lililotofautiana kidogo na lile lililosajiliwa hakuui usajili, mradi tofauti hizo hazibadilishi kile kinachoifanya alama itambulike. Kila kitu kimo kwenye hayo maneno ya mwisho. Chukua pakiti ya sabuni. Usajili unaonyesha ndege ndani ya duara, na chini yake jina. Ukinenepesha herufi, ukabadilisha bluu kuwa kijani wakati rangi hukuidai, ukafuta duara, kwa kawaida uko salama. Ukimwondoa ndege? Inategemea nani alikuwa anabeba mzigo. Kama jina ni neno la kubuni lisilo na maana yoyote kwa sabuni, ndege anaweza kuondoka na alama ikabaki hai. Kama jina ni "Sabuni Safi", ndege ndiye aliyekuwa alama. Neno lilikuwa maelezo tu. Mwondoe, na hakuna matumizi yaliyobaki ya kuonyesha.

Na hapa niseme lisilopendwa kusemwa: mpaka huo hauna rula. Wachunguzi wawili wanaweza kuangalia pakiti moja wakatoa majibu mawili, na atakayekupa jibu la asilimia mia anakuuzia uhakika asionao. Ninachopendekeza kwa kawaida ni kusajili jina peke yake kwa herufi za kawaida, mbali na mchoro, kwa sababu jina huishi kuliko michoro. Nembo mpya iombewe kivyake. Ile ya zamani ihuishwe walau mara moja zaidi, kwa ajili ya tarehe yake: aliyesajili kitu kinachofanana nayo miaka minne iliyopita yuko mbele ya ombi lako jipya, lakini yuko nyuma ya usajili wako wa zamani. Je, tarehe hiyo ina meno kama alama imelala kabatini? Mpinzani akidai ushahidi wa matumizi, meno yanang'oka. Kwa alama iliyobadilika sana nasitasita kabla ya kumwambia mtu alipe, na bado sina dawa ya kusitasita huko.

Ndugu wa imani hii ni ile ya bidhaa: "Tukihuisha tutaongeza na losheni." Hapana tena. Kupunguza orodha kunawezekana, na ni busara, kwa kuwa ofisi nyingi hutoza kwa kila daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma, na hakuna sababu ya kulipia daraja ulilolihama. Kuongeza hakuna. Mtego wenyewe ni kwamba sabuni na losheni za urembo zote ziko daraja la 3 kati ya madaraja 45 ya Nice, mpango wa kimataifa wa makundi hayo, kwa hiyo watu hudhani wameshika daraja zima. Umeshika bidhaa ulizoziandika. Kwa losheni utakuwa unabishana kwamba bidhaa zinafanana kiasi cha kuwachanganya wanunuzi. Unaweza kushinda, ila ni ubishi ambao mstari mmoja katika maombi ya mwanzo ungeuzuia.

Marekani ndiko uongo huu wa kwamba kuhuisha kunatosha hujifichua mapema. Kati ya mwaka wa 5 na wa 6 baada ya usajili lazima utangaze kwamba alama inatumika na kuambatisha sampuli, kwa mfano picha ya pakiti kama inavyouzwa. Kisha tena pamoja na kuhuisha, kati ya mwaka wa 9 na wa 10. Picha ikionyesha nembo mpya na daftari likionyesha ya zamani, swali litakuja lenyewe. Ofisi nyingi nyingine haziulizi, na ukimya huo ndio unaowadanganya watu.

Tarehe, haraka haraka. Usihesabu kutoka siku cheti kilipotolewa kabla hujasoma sheria ya mahali husika, maana wengi huanzia siku maombi yalipowasilishwa. Tuseme maombi ya tarehe 14 Machi 2016 yakazaa cheti tarehe 2 Novemba 2017. Kwa hesabu hiyo muda unaisha Machi 2026, na anayesubiri Novemba 2027 atakuta hata miezi 6 ya nyongeza imepita zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Miezi hiyo 6 ndiyo kiwango cha chini cha Mkataba wa Paris kwa ada zilizochelewa, na hulipiwa: Madrid wanaongeza nusu ya ada ya msingi. Wala usidhani ni miaka 10 kila mahali. Uganda na Tanzania Bara kipindi cha kwanza ni miaka 7, halafu 10 kwa kila kuhuisha.

Mmiliki kwanza, ada baadaye. Kampuni ikibadilisha jina, au alama ikiuzwa, andikisha mabadiliko kabla ya kuhuisha. La sivyo kuna mahali ombi litakwama kwa sababu mwombaji si yule aliyemo daftarini, wakati siku zinahesabika.

Mwisho, zile barua. Usajili ni taarifa ya wazi, kwa hiyo kuna watu wanaovuna tarehe zako na kukutumia ankara yenye nembo inayofanana na ya serikali, namba yako sahihi kabisa na bei ya ajabu. WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia Mfumo wa Madrid, lenyewe huonya kuhusu ankara za namna hii. Namba kuwa sahihi si dalili ya chochote, wameinakili. Tazama jina la mwenye akaunti ya benki, kisha soma maandishi madogo chini ya ukurasa, ambako mara nyingi wanakiri kwamba hii ni "ofa" ya kuorodheshwa kwenye kitabu chao.