Fidla na Selo za Villa-Lobos: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Deux Chôros (bis), vibao viwili vifupi vya fidla na selo (ala ya jamii ya fidla, kubwa zaidi na yenye sauti nzito) alivyotunga Heitor Villa-Lobos wa Brazili mwaka 1928, ni kazi iliyoponzwa na jina lake.

Kwa kuwa neno la Kireno “chorar” maana yake ni kulia, wapo wanaodhani kuwa haya ni maombolezo. Ukweli ni kwamba choro ni muziki uliozaliwa Rio de Janeiro katika karne ya 19, pale wapigaji wa filimbi, gitaa na cavaquinho, yaani gitaa dogo la nyuzi nne, walipozichukua polka na waltz, dansi za Ulaya, wakazipiga kwa mahadhi yao wenyewe. Asili ya jina hilo ingali na ubishi, lakini muziki wenyewe mara nyingi ni wa kasi na mchangamfu, na Villa-Lobos aliujua kwa kuupiga, kwani katika ujana wake alishika gitaa pamoja na wanamuziki hao.

Neno “bis” nalo hudhaniwa kuwa alama ya makombo, kana kwamba mtunzi aliokota yaliyobaki. Kumbe ndilo neno ambalo wasikilizaji hulipaza ukumbini wanapotaka waongezewe kibao. Villa-Lobos alitunga mfululizo wa kazi alizoziita Chôros, na vibao hivi viwili ni nyongeza yake. Mfululizo huo unaanza na gitaa moja tu mwaka 1920, ukafikia okestra kubwa na kwaya katika Chôros namba 10 ya mwaka 1926. Baada ya mzigo kama huo, nyongeza ya vyombo viwili, isiyofika hata dakika 10, imekaa mahali pake hasa.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile ya kwamba fidla huimba na selo huitumikia tu. Villa-Lobos alifundishwa selo na baba yake tangu utotoni, na baadaye akajipatia riziki kwa kuipiga, hivyo hangeweza kuiacha nyuma. Nyuzi za fidla na za selo hupangwa sauti kwa mpangilio uleule, selo ikiwa chini kwa oktavo moja (umbali wa noti nane) na umbali wa noti tano zaidi, na kwa sababu hiyo sauti zao huweza kupokezana mahadhi na hata kupishana, selo ikipanda juu huku fidla ikishuka. Mtunzi huwataka pia wapigaji wavute upinde juu ya nyuzi mbili kwa wakati mmoja, na hapo asiyewaona wapigaji anaweza kuapa kwamba wako watatu au wanne.

Wengine huviona vyombo hivi kuwa vya kumbi za Ulaya pekee, visivyoweza kubeba muziki wa mtaani. Msikilizaji wa taarab ya Unguja, ambako fidla na selo hukaa pamoja na udi na kanuni, hahitaji kushawishiwa juu ya hilo, ingawa mahadhi ya Unguja na ya Rio hayakupikwa chungu kimoja.