Kundi la damu na maambukizi ya wodini

"Mimi ni kundi O. Nikilazwa, nitaambukizwa upesi kuliko mwenye A?" Hapa Kisumu swali hili lina mashiko, kwa sababu kundi la damu lina nguvu yake katika maradhi mawili tunayoyafahamu sana. Mwenye O ana nafuu kwenye malaria kali: chembe zake nyekundu zenye vimelea hazinatani sana na nyingine, hivyo mishipa midogo haizibi kwa urahisi. Kwenye kipindupindu mambo hugeuka. Huyo huyo wa O akiambukizwa, huharisha vibaya zaidi, basi asicheleweshewe ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa.

Maambukizi ya hospitalini, yale yanayojitokeza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, kwa kawaida huingilia mlango tulioufungua sisi wenyewe: kanula (kijirija cha dripu kwenye mshipa), katheta (mrija wa mkojo), kidonda cha upasuaji. Hapo kabla ya kuuliza kundi naangalia plasta ya kanula. Ikiwa imelowa au imebanduka, imwonyeshe muuguzi aibadilishe. Ngozi ikiwa nyekundu, ina joto na inauma, kanula itolewe hata kama dripu bado inapita. Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya kibofu bila kugusa sakafu. Kosa hutokea mgonjwa anapogeuzwa: mfuko huwekwa juu ya kitanda, mkojo ukarudi ndani na bakteria wake.

Mikono husuguliwa kwa sanitaiza sekunde 20 hadi 30, au kwa sabuni na maji 40 hadi 60. Kidole gumba na ncha za vidole ndizo husahaulika. Jamaa wa mgonjwa naye anawe, si daktari tu.

Kundi la damu lina uzito wa kufa na kupona mgonjwa anapoongezewa damu, na papo hapo maambukizi hunyemelea. Damu hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 6. Ikishatoka, ianze kuingia ndani ya dakika 30 na imalizike ndani ya saa 4. Ikikawia kwenye joto letu hili, bakteria wachache waliomo huzaana. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni hatari zaidi, maana huhifadhiwa kwa nyuzi 20 hadi 24.

Mgonjwa akianza kutetemeka, kupata homa au kuumwa mgongo damu ikiingia, muuguzi aisimamishe mara moja na amwite daktari. Dalili hizo ni za kundi lisilopatana, na pia ni za damu yenye bakteria. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ndiyo maana mfuko hautupwi: maabara hupima kundi upya, kisha huotesha bakteria kutoka mfuko uleule.